Bingwa Niliyemwogesha

Mzee huyo sikumpenda siku ya kwanza, na siku ya mwisho nilikuwa sijampenda bado. Kati ya siku hizo mbili nilimdharau. Nalisema hili mapema ili msomaji asingoje mahali ambapo tutapatana.

Nilipelekwa kwake kwa sababu ya Kifaransa. Ajensi ya Liverpool, kitongoji cha magharibi ya Sydney, iliyoniajiri kutunza wazee majumbani ilikuwa na watu wa kila taifa, lakini Kifaransa nilikuwa nacho mimi tu. Kule Uvira, kabla ya vita kutuhamisha, nilikuwa mwalimu wa lugha hiyo kwa miaka kumi na miwili, nikiwakaripia watoto wa watu kwa kukosea vitenzi. Sydney haikuwa na haja na vitenzi vyangu. Nikasomea cheti cha utunzaji, nikajifunza kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza na kumwogesha bila kumvunjia heshima, na maisha yakaenda.

Msimamizi wangu, mama mmoja Mkenya, alinipigia simu asubuhi.

"Mwalimu, niko na kazi yako," alisema. "Kuna mzee Mfaransa, alipata kiharusi, sasa Kiingereza kinampotea. Alikuwa bingwa wa kupiga makasia. Wafanyakazi wanne wameshamwacha."

"Wamemwacha kwa nini?"

"Utaniambia wewe."

Nilifurahi, na leo naona aibu kukiri. Nilidhani nimerudishiwa ualimu.

Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa mji, katika mitaa inayoteremka hadi kwenye maji ya bandari, ambako kila sebule ina kioo kikubwa cha kutazamia boti za majirani na mbwa huvalishwa makoti. Kutoka kwangu ilikuwa treni, basi, kisha kilima. Alifungua mlango mwenyewe, akiegemea fimbo. Alikuwa amepita miaka themanini, mrefu, mabega bado mapana, mkono wa kushoto umelegea ubavuni. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wamesema wanatuma mtu anayejua Kifaransa."

"Ndiye mimi, Bwana."

"Nani alikufundisha?"

"Mapadri, kisha chuo. Nilikuwa mwalimu."

"Mwalimu," alirudia, kama anayeonja maziwa yaliyochacha. "Unasema kama mahubiri. Ingia. Vua viatu."

Kifaransa kina njia mbili za kumwita mtu wewe. Moja ni ya heshima. Nyingine ni ya watoto, wapenzi na wanyama wa kufugwa. Yeye alinianzishia hiyo ya pili palepale mlangoni, na mimi nikabaki na ya kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuongea na mtu mwenye mvi.

Sebule yake ilikuwa jumba la makumbusho ya mtu mmoja. Medali zilitundikwa katika fremu zenye kitambaa cheusi. Ukutani kulikuwa na makasia mawili marefu, na picha nyingi za vijana wenye mapaja mazito wakiwa wamekaa ndani ya mashua nyembamba kama sindano. Katika picha iliyokuwa kubwa kuliko zote walikuwa wawili tu, yeye na mwenzake, na uso wa mwenzake ulikuwa umebandikwa stempu ya posta. Nilidhani ni mzaha wa mjukuu. Hakuwa na mjukuu. Aliibandika mwenyewe, juu ya kioo, sawasawa.

Historia ya maisha yake nilisimuliwa bafuni, kwa sababu asubuhi nilimwogesha, na mtu aliyekaa uchi kwenye kiti cha plastiki hutaka kukukumbusha kwamba aliwahi kuwa kitu. Alizaliwa kando ya mto mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa mfungua milango ya mfereji, yule anayepandisha na kushusha maji ili majahazi ya mizigo yapite. Ng'ambo ya mto palikuwa na klabu ya matajiri ya kupiga makasia. Akiwa na miaka kumi na minne aliwashinda watoto wao kwa mashua aliyoichukua bila ruhusa. Badala ya kumpeleka polisi, wakampa jezi. Akawa bingwa wa Ufaransa, akarudia tena na tena. Akawa bingwa wa Ulaya. Jeshini alipewa kazi moja tu, kupiga makasia. Kisha ikaja michezo mikubwa ya dunia, na huko akapata medali ya fedha.

Neno hilo, fedha, alilitamka kama jina la ugonjwa.

"Ilikuwa dhahabu," aliniambia, sabuni ikimtiririka mgongoni. "Tulikuwa mbele. Mita mia tatu zimebaki. Ndipo lile gunia nililofungwa nalo likaacha kasia linaswe majini. Unajua kasia likinaswa?"

"Sijui, Bwana."

"Jani lake linazama vibaya, maji yanalishika, mpini unakupiga tumboni. Mashua inasimama. Miaka minane ya kazi inasimama. Kwa sababu ya mtoto wa mfamasia asiyejua kufunga kiwiko."

Aliinua mkono wake wa kulia, ule mzima, akaonyesha jinsi ya kulivuta kasia: mkono ulienda mbele, ukatulia, ukarudi taratibu hadi kifuani. Ulikuwa mwendo mzuri, siwezi kuukana. Hata hivyo niliutazama nikiwaza kwamba kwetu, kandokando ya ziwa Tanganyika, mtu akishika kasia ana mahali pa kwenda. Hawa huenda kinyumenyume mita elfu mbili, wanatweta kama ng'ombe wanaokimbizwa, wanafika pasipo na kitu, kisha wanarudi walikotoka na kuvikwa vyuma shingoni.

Baada ya medali hiyo aliajiriwa Sydney kuwafundisha vijana wa shule moja ya kitajiri. Akaoa binti wa daktari. Nyumba ilikuwa ya mkewe. Hilo alikuwa halisemi, nililiona kwenye barua za baraza la mji. Mke alikuwa ameshafariki, na binti yao wa pekee alikuwa Melbourne, mipaka ya majimbo imefungwa, akimpigia baba yake Jumapili kwa dakika ambazo ungedhani amezipima kwa saa ya mashindano.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Katika majira ya baridi lokdauni ilikaza, lakini haikumkaza kila mtu sawa. Kwetu magharibi helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa, askari wakigonga milango kuuliza kama tumo ndani. Kutoka nje ya eneo letu kwenda kazini nilihitaji permiti, na kila siku ya tatu nilipanga foleni nikatiwe kijiti puani. Kisha nilipanda treni tupu hadi mitaa ya mzee wangu, nikashuka na kuwakuta watu wamekaa kwenye nyasi za ufukweni na kahawa zao, maski zimeshushwa kidevuni, wanazungumza jinsi lokdauni ilivyo ngumu. Virusi hivyo vilikuwa na adabu sana. Vilijua mtaa wa kuingia na mtaa wa kupita tu.

Mzee alinisimamisha kibarazani kila asubuhi, akaninyunyizia dawa ya mikono hadi kwenye viwiko, kisha viatu.

"Nyinyi wa huko hamtulii majumbani," alisema. "Ndiyo maana."

"Nikitulia nyumbani, Bwana, nani atakuvisha soksi?"

Alinyoosha mguu.

Mke wangu alikuwa akifanya kazi ya kufungasha vifurushi katika ghala, na alikuwa wa kwanza nyumbani kuugua. Tulifungiwa wiki mbili, sisi wawili na binti yetu, tukisikilizana tunavyokohoa kupitia ukuta. Nilikuwa nikimsemesha binti kwa Kiswahili mlangoni mwake, naye ananijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa, nimwache. Mke wangu alifika mahali pa kushindwa kupanda ngazi moja. Alipona taratibu. Niliporudi kazini nimepungua kilo kadhaa, mzee alinitazama kutoka kitini.

"Ulifurahia likizo?" aliuliza.

Hapo ndipo dharau yangu ilipokomaa. Kabla ya hapo nilikuwa nikimwona mgumu, na wagumu nimewatunza wengi.

Simu ya kutoka Ufaransa ilikuja siku chache baadaye, asubuhi, saa ambazo huko ni usiku. Niliipokea jikoni. Alikuwa muuguzi wa nyumba ya wazee, sauti ya kijana, amechoka.

"Nina mzee wetu hapa," alisema. "Anajaribu namba hii mwezi mzima, na kila mara inakatwa. Anataka kuongea na mwenzake wa mashuani."

Nilichukua simu hadi sebuleni. Bingwa alikuwa akila mkate wa kubanika na jamu.

"Ni mwenzako, Bwana. Yule wa kwenye picha."

"Mwambie nimelala."

Aliendelea kutafuna. Nilirudi jikoni, na kabla sijasema uongo huo, muuguzi alikuwa ameshampa mzee simu.

"Naongea na nani?" iliuliza sauti nyembamba, yenye pumzi nyingi kuliko maneno.

"Mimi ni mtunzaji wake."

"Ah. Poleni na kazi, Bwana."

Alitumia wewe ile ya heshima. Nilikuwa nimekaa miezi katika nyumba ya Mfaransa bila kuisikia.

"Amelala," nilisema.

"Hajalala. Huko ni saa ya mkate wake wa jamu. Tuliishi chumba kimoja miaka minane." Akakohoa kwa muda mrefu. "Katika korido yetu milango mingi imeshafungwa, wenyewe wamezikwa, Bwana. Nilitaka kumsikia tu. Niambie, bado anasema ni mimi?"

"Ndiyo, Bwana," nilisema.

Alicheka. Kisha alinieleza, polepole, akipumzika kati ya sentensi. Kasia lililonaswa lilikuwa la bingwa. Walipofika ukingoni, kocha aliuliza ni nani, na mwenzake huyu ndiye aliyeinua mkono. Mwezi uliofuata bingwa alikuwa anachaguliwa kwa kazi ya ualimu wa makasia, kazi itakayomtoa kwenye nyumba ya baba yake pale mferejini. Yeye, mtoto wa mfamasia, alikuwa na duka la dawa linamsubiri. Alidhani mambo yakitulia, baada ya mwaka mmoja hivi, mwenzake atasema kweli.

"Sikumwomba anyamaze, wala hakuniomba nimbebe," alisema. "Mambo yalikwenda hivyo. Mwambie sina kinyongo." Akapumua. "Hapana, usimwambie hivyo. Ninacho. Mwambie nimepiga."

Niliandika namba yake nyuma ya karatasi ya dawa.

Bingwa alikuwa tayari bafuni, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, ananisubiri. Nilivaa glavu, nikafungulia maji.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Amesema amepiga."

"Basi?"

"Na kwamba kasia lilikuwa lako."

Nilimwita wewe ile ya pili, ya watoto na mbwa. Aliisikia, niliona shingo yake ikigeuka. Nilitegemea akane, au angalau akasirike.

"Bila shaka lilikuwa langu," alisema. "Nililishika mwenyewe."

"Na miaka yote hii unasema ni yeye."

"Aliinua mkono mwenyewe. Wapo watu waliozaliwa kubeba. Wewe hilo unalielewa vizuri, ndiyo kazi yako."

Nilifunga maji. Nilizungumza taratibu, kama darasani.

"Mimi nabeba kwa sababu ni kazi, na jioni naweka chini naenda kwangu. Yeye alikubebea maisha yake yote, na malipo yake umembandika stempu usoni. Nimewaona watu wabaya, wewe. Nimewaona wakiwa na bunduki. Angalau wao walikuwa hawaombi kusuguliwa mgongo huku wanajisifu."

Maji yalimdondoka kidevuni.

"Napata baridi," alisema.

Nikafungulia maji tena, nikamwogesha hadi mwisho. Nilimsugua hata katikati ya vidole vya miguu, nikamkausha, nikamvalisha soksi. Sikuweza kumwacha pale, na kutoweza huko kuliniudhi kuliko maneno yake.

Siku mbili nilimwambia apige simu. Siku mbili alisema ana usingizi. Siku ya tatu nilipiga mwenyewe kwa simu yangu, nikamwomba muuguzi amwamshe mzee, nikaweka sauti ya juu na kumshikia bingwa kifaa mbele ya uso. Nilikuwa najua kwamba kwa sheria za ajensi nakosea.

Yule wa kule alimwita kwa jina la utotoni, jina ambalo sikuwahi kulisikia na sitaliandika. Aliita mara mbili. Mdomo wa bingwa ulifunguka na kufungwa.

"Unawasumbua wafanyakazi wangu," alisema hatimaye.

Kulikuwa na kelele ya pumzi.

"Sawa," ikasema sauti ile. "Nimekusikia. Inatosha."

Na akakata. Bingwa alinirudishia macho yake makavu, akaniambia kahawa imepoa.

Wiki mbili baadaye muuguzi alinitumia ujumbe kwamba mlango wa mzee wao nao umefungwa. Nilimpelekea bingwa habari kibarazani, alikokuwa akitazama maji.

"Lini?" aliuliza.

"Jana."

Alihesabu kitu kichwani. "Basi nimemshinda," alisema. "Alikuwa mdogo kwangu."

Siku hiyo na iliyofuata hakugusa mkate. Msimamizi wangu, nilipomweleza kwa simu, alisema, "Hiyo ni huzuni, Mwalimu. Wazee wanahuzunika hivyo." Huenda. Mimi kwenye ripoti niliandika alichokifanya: amekataa kifungua kinywa. Ningemwandikia huzuni ningekuwa nimembebea kitu kingine tena, na wabebaji alikuwa ameshapata wa kutosha.

Alikufa mwaka uliofuata, mipaka ilipokuwa imefunguliwa na watu wameanza kusahau walivyokuwa wakiogopana. Kiharusi cha pili, usingizini. Binti yake alikuja kutoka Melbourne na kuandaa hafla kwenye banda la mashua la ile shule, akaniomba nihudhurie, na zaidi ya hapo, niseme maneno mawili kama mtu aliyekuwa naye mwishoni.

Nilivaa suti yangu ya kanisani. Wanaume wenye mvi na mabega, wanafunzi wake wa zamani, walishika glasi na kusimuliana jinsi alivyowatukana walipokuwa vijana, kwa furaha, kama watu wanaoonyeshana makovu waliyoyanunua. Mmoja wao, wakili, alihutubia. Alisimulia ile fainali. Alisema bingwa alipoteza dhahabu kwa kosa la mwenzake na hakuwahi kumlaumu hata siku moja, na kwamba huo ndio uungwana. Kisha wakaniita.

Kiingereza changu ni cha kazini. Kinajua vidonge, nepi na saa za basi. Nilisimama, nikasema nilichoweza. Nilisema nilizungumza na yule mwenzake kabla hajafa. Nilisema kasia lililokosea lilikuwa la bingwa, naye aliniambia hivyo mwenyewe. Nilisema mwenzake alikuwa mtu mzuri. Nikakaa.

Walipiga makofi. Mwanamke mmoja alijipangusa macho. Wakili alikuja kunishika bega na kusema, "Vizuri sana, rafiki," akaniuliza nimetoka nchi gani. Kama hawakunielewa au hawakutaka kunielewa, sijui, na nilipotazama nyuso zile zilizoshiba na kuridhika niliona kwamba kwao ni jambo moja.

Binti alinifuata penye meza ya soseji.

"Nilijua," aliniambia kwa Kifaransa chake cha shule. "Mama aliniambia nikiwa na miaka kumi na sita. Lakini si leo, tafadhali."

"Lini, basi?"

Aliangalia juu ya bega langu, akamwona mtu, akatabasamu, akaenda kumsalimia.

Mke wangu alikuwa akinisubiri Cabramatta, karibu na kwetu, katika mgahawa mdogo wa Wavietinamu tunaoupenda, amekwisha kuagiza supu mbili za tambi. Bado alikuwa akichoka haraka, kwa hiyo alikula ameegemeza mgongo ukutani. Nilimsimulia yote, hotuba, makofi, soseji, na jibu la binti. Nilijisikia hasira ikipanda upya, nikaanza kuwasema wote, wakili, binti, shule, mto wao na medali zao.

Alinisikiliza hadi nikaishiwa.

"Papa," alisema, kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao, "na ulikuwa unangojea nini kwao?"

Nilimwomba anisogezee pilipili, nikala.